Punje ya Nafaka na Mizani ya Zahabu



Pahali unaposoma ukurasa huu, iwe Kamituga ao Lugushwa, Misisi ao Nyabibwe, ao hapa kwetu Bukavu, kuna mizani karibu nawe. Labda ni ile ya zamani yenye visahani viwili, na vijiti vya kibiriti vinavyotumiwa kama mawe ya kupimia. Labda ni ile mpya ya pile, ndogo kama simu. Watu wanaizunguka bila kupumua. Namba ikipanda, kuna kicheko. Ikishuka, kuna matusi, na siku zingine kuna ngumi. Leo nakuomba usitazame namba. Chukua karatoni iliyoleta mizani hiyo, uangalie maandishi yake.

Mizani nyingi za namna hiyo zinatoka China, na kwenye karatoni kuna alama za Kichina. Vijana wa kanisa letu waliniletea karatoni moja. Wakaniuliza: “Pasta, hapa wameandika nini?” Mimi nilisoma Kigiriki kidogo na Kiebrania kidogo kwenye shule ya Biblia, lakini Kichina hapana. Kwa bahati kuna kijana wa mtaa wetu aliyesomea kule China miaka mitano. Akaweka kidole juu ya alama moja, hii: 秤.

“Hii ni mizani, pasta. Iko na vipande viwili. Huku kushoto ni nafaka. Huku kuume ni sawa, kama vile sakafu iko sawa.”

Nafaka na sawa. Hivyo ndivyo Wachina wanavyoandika mizani. Nilikaa kimya kidogo. Nimekuwa mchungaji miaka mingi katikati ya watu wa zahabu, wa koltani na wa kasiterite, na sikuwahi kusikia mtu akisema kwamba ndani ya mizani kuna nafaka. Tangu siku ile nilianza kutafuta katika kamusi na vitabu, na nimeona mambo ambayo yanafaa kwa jamaa zetu. Ndiyo sababu ninakuandikia.

SUKE LILILOINAMA

Alama ya nafaka peke yake ni hii: 禾. Hata wewe usiyejua Kichina unaweza kuisoma kama picha. Mstari wa katikati ni shina. Mistari ya kando ni majani. Chini kuna mizizi. Na juu kabisa kuna kimstari kinachoinama upande mmoja: hilo ni suke. Suke lililojaa huinama, lile tupu husimama wima. Mkulima yeyote wa Walungu ao wa Kabare anajua jambo hilo bila kwenda China.

Alama hiyo ni ya zamani sana. Ilichorwa kwa kisu juu ya mifupa ya ng’ombe na magamba ya kobe katika mji ambao leo unaitwa Anyang, karibu miaka 3,200 iliyopita, wakati wa wafalme wa Shang. Mifupa ile ilikaa udongoni. Wakulima wakiipata waliiuza kama dawa, watu wakaisaga na kuinywa. Ni mwaka wa 1899 tu ambapo msomi mmoja, Wang Yirong, alitambua kwamba mikwaruzo iliyo juu ya mifupa ni maandishi. Katika maandishi hayo mfalme anauliza mara nyingi kama mvua itanyesha na kama mavuno ya mwaka yatakuwa mazuri. Mfalme mwenye majeshi na shaba nyingi, lakini usingizi wake unategemea suke la shamba. Zao lao kubwa kule kaskazini lilikuwa nafaka ya punje ndogo, jamaa ya ulezi wetu, ile tunayoiita bulo.

Kutoka picha hiyo moja Wachina walitengeneza maneno mengi. Neno la mwaka, katika umbo lake la zamani, ni mtu aliyebeba nafaka mgongoni. Mwaka ni mavuno yanayofika nyumbani. Neno la faida ni nafaka na kisu kando yake, na alama hiyohiyo maana yake ni ukali wa makali ya kisu. Faida na ukali vinaandikwa sawasawa. Sisi tunaoishi karibu na machimbo hatuhitaji mwalimu kutufasiria hilo. Tumeona faida ikilisha mtu, na tumeona faida ikikata ndugu na ndugu.

Hapa niwaonye kidogo wahubiri wenzangu. Kuna watu wanaopenda kusema kwamba neno la Kichina la amani ni nafaka na kinywa, basi maana yake ni kwamba kinywa kikipata chakula amani inakuja. Ni nzuri kwa mahubiri. Lakini wataalamu wanasema kwamba katika alama hiyo nafaka imewekwa kwa ajili ya sauti yake, ili msomaji ajue kutamka, na kinywa ndicho kinacholeta maana: kuitikia wimbo pamoja. Tusiongeze uzito juu ya neno ili mahubiri yetu yapate kupanda. Mhubiri naye ana mizani yake.

Na hiyo alama ya mizani? Umbo lake la zamani lilikuwa nafaka pamoja na mkono unaoinua kitu, kama mtu anayejaribu uzito. Baadaye wakaanza kuandika nafaka pamoja na sawa, kwa sababu ni rahisi zaidi. Lakini katika maumbo yote mawili nafaka ilibaki pahali pake.

PUNJE NDIZO ZILIPIMA ZAHABU

Utaniuliza: kwa nini nafaka iingie ndani ya mizani? Si wangeweka chuma ao jiwe?

Kitabu cha historia ya utawala wa Han, kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo, kinaeleza. Walichukua punje za nafaka nyeusi, za ukubwa wa katikati. Punje 100 zikawa kipimo kidogo cha uzito. Vipimo vidogo 24 vikawa kipimo kikubwa, yaani punje 2,400. Kwa kipimo hicho kikubwa walipima fedha kwa muda wa miaka mingi sana. Kwa hiyo nafaka haikuwekwa katika alama kwa urembo. Nafaka ndiyo ilikuwa jiwe la mizani.

Usidhani ni Wachina tu. Wewe mchimbaji wa Kivu, unapouliza bei ya tola, unataja nini? Tola ni kipimo cha Wahindi, gramu 11.66. Mwaka wa 1833 serikali ya Waingereza kule India ilikata shauri kwamba tola moja itakuwa punje 180. Punje hiyo ni kipimo cha zamani cha Ulaya kilichoanzia kwenye mbegu ya shayiri. Hata karati, ambayo wauzaji wa pete wanaitaja, jina lake linatoka kwenye mbegu ya mti mmoja wa nchi za Mediterania ambao tunda lake ni kama ganda la maharagwe.

Biblia nayo inatuambia kwamba shekeli moja ya patakatifu ilikuwa gera 20. Unaweza kutazama katika Kutoka sura ya 30. Wataalamu wengi wa Kiebrania wanaona kwamba gera maana yake ni punje. Wayahudi, Wahindi, Wazungu na Wachina hawakukaa kwenye meza moja kupatana. Kila mmoja alitafuta kitu kidogo ambacho kila mtu anacho nyumbani na kila mtu anakiamini, akakuta ni mbegu.

Shika jambo hili, ndugu msomaji, maana ndilo nililotaka kukuambia. Leo tunapima nafaka kwa zahabu. Tunasema: gramu moja itaninunulia magunia mangapi? Mwanzo haikuwa hivyo. Mwanzo zahabu ililetwa mbele ya nafaka, ikapimwa kwa punje. Chakula cha watoto kilikaa kwenye kisahani cha kwanza, na zahabu ikaja kwenye kisahani cha pili.

NENO LETU WENYEWE

Sasa turudi nyumbani. Kiswahili chetu kina neno nafaka. Tunalitumia kwa mahindi, mpunga, ngano, mtama na ulezi. Je, unajua limetoka wapi? Limetoka kwa Waarabu. Kwao neno hilo si jina la mbegu. Ni gharama: hasa ile ambayo mume anapaswa kutoa kwa kulisha na kutunza mke na watoto. Watu wa pwani walilipokea neno, na kwa kuwa gharama ya kwanza ya nyumba ni chakula, na chakula chenyewe kilikuwa punje, jina la wajibu likawa jina la punje.

Soma tena polepole. Kila mara baba anaposema “nafaka” anataja deni lake kwa watu wa nyumba yake.

Kuna neno lingine ambalo limesafiri, na hili limesafiri hapahapa kwetu. Kutwanga ni kazi ya mama na kinu na mchi, tangu mababu. Lakini nenda Kamituga. Kule mawe yaliyotoka shimoni yanapondwa mpaka yawe unga, ndipo zahabu ionekane. Kazi hiyo ilifanywa na wamama, kwa kinu cha chuma na mchi wa chuma, na vumbi linaingia kifuani. Watu wakawaita “mamans twangaises”, neno la Kiswahili lenye mkia wa Kifaransa. Mama aliyekuwa anatwanga chakula akaanza kutwanga mawe, ili mawe yamnunulie chakula. Kisha zikaja mashine za kusaga mawe, na wengi wao wakapoteza hata kazi hiyo ngumu. Mchi wa chuma ukawekwa kando, na mchi wa mti wengine walikuwa wameuacha shambani zamani.

Siwahukumu. Tangu vita ya 1996 watu wengi walikimbia mashamba yao kwa sababu ya bunduki, si kwa sababu ya uvivu. Mwenye watoto sita hawezi kungoja mahindi miezi minne wakati shimo linaweza kulipa leo jioni. Ninasema tu kwamba maneno yanakumbuka njia tuliyopita, hata sisi tukiisahau.

NI NANI ALIPIMIWA KWANZA?

Nitakueleza jambo lililopita katika kanisa letu, bila kutaja jina la mtu.

Kijana mmoja, baba wa watoto watatu, alikuwa amekaa machimboni miezi minane. Siku moja akaja kwangu, amevaa vizuri, akaniwekea bahasha kwenye meza. Akasema ni sadaka ya manjanja ya kanisa. Sisi tulikuwa tunatafuta mabati hayo tangu mwaka mzima, na mvua ilikuwa inanyeshea wanakwaya. Niliihesabu ile feza mbele yake. Ilitosha nusu ya paa.

Lakini juma lile bibi yangu alikuwa ameniambia jambo. Mke wa kijana huyo alikuwa amekuja kwetu kuazima unga, kopo moja la Guigoz, kwa mara ya tatu. Basi nikamuuliza:

“Mutoto wangu, umekwisha kufika kwako?”

“Bado, pasta. Nimeanza na kazi ya Mungu.”

“Nafaka ya nyumba umetuma lini?”

Akainama. “Pasta, kule shimoni unajua. Tunakula madeni ya PDG. Hii ndiyo ya kwanza napata. Nilisema Mungu akipata yake, ataniongezea.”

Sikuona udanganyifu katika macho yake. Alikuwa amesikia mahubiri ya namna hiyo pahali pengi, kwamba panda zahabu uvune zahabu. Nikamrudishia bahasha. Nikamwambia: “Shuka soko la Kadutu. Nunua unga, nunua maharagwe, lipa masomo ya watoto. Ukibakiza kitu, kanisa liko hapa, halihami.”

Wazee wa kanisa walipopata habari walikasirika. Mmoja alisema mbele ya wote: “Pasta, umefukuza baraka. Mvua inatunyeshea, na wewe unarudisha manjanja?” Mwingine akaniuliza kama ninaweza kuchunguza namna hiyo bahasha ya kila mtu. Ni swali la kweli, na sina jibu la kutosha. Nilisema tu kwamba Paulo, katika barua ya kwanza kwa Timoteo sura ya 5, anaweka mtu asiyetunza watu wa nyumba yake pahali pabaya sana, na kwamba siwezi kulala chini ya bati ambalo nimelitoa katika sufuria ya watoto. Kwa majuma mengi salamu kati yetu zilikuwa fupi.

Yule kijana alirudi baada ya siku kumi. Alileta kidogo, labda bati mbili. Paa letu bado lina sehemu ya hema. Lakini mke wake hakuja tena kuazima kopo, na Jumapili ile alikaa kiti cha mbele.

Katika kitabu cha Ruthu kuna mtu aliyejua jambo hili. Boazi alikuwa tajiri, na kulipopambazuka kwenye kiwanja cha kupuria alimpimia Ruthu vipimo sita vya shayiri, ili asirudi mikono mitupu kwa mama mukwe wake. Kumbuka kwamba hajamuoa bado. Alianza na nafaka.

MIZANI ILIYO SAWA

Sasa tusimame kwenye sehemu ya pili ya alama ya Kichina, ile ya “sawa”. Maana nafaka bila sawa haitoshi.

Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawaona wafanyabiashara wanaongojea sabato iishe haraka wapate kufungua nafaka. Wanapunguza kipimo, wanaongeza bei, wanapotosha mizani, na makapi wanayauza kama ngano. Mungu anaapa kwamba hatayasahau matendo hayo. Ukisoma sura hiyo utafikiri Amosi alitembea Nyawera na Kadutu. Kopo ambalo tako lake limesukumwa ndani linajulikana na kila mama sokoni. Vilevile mnunuzi wa shimoni ambaye kijiti chake cha kibiriti ni kizito kuliko cha jirani. Na mchimbaji ambaye anachanganya vumbi la shaba ndani ya zahabu yake. Kila mmoja anasema: “Wenzangu wanafanya vilevile.” Mwisho watoto wa wote watatu wanakula kidogo, kwa kuwa yule aliyeibiwa gramu shimoni ndiye anayeibiwa unga sokoni, na yule wa sokoni ndugu yake yuko shimoni.

Na tukumbuke mwezi wa pili wa 2025, vita ilipoingia Bukavu. Mabenki yalifunga milango. Mtu aliyekuwa na feza kwenye konti hakuweza kuitoa. Maghala ya chakula ya shirika la PAM yaliporwa, na watu walionekana njiani na magunia kichwani. Sitetei wizi. Nasema tulichokiona: siku hofu ilipofika, macho ya watu yalitafuta unga. Nyumba ambazo zilikuwa zimeweka mahindi ya kutosha zilifunga mlango, zikapika bukari, na zikagawia jirani.

KAZI YA JAMAA

Wababa, wamama na vijana, msiache ukurasa huu kabla ya kufanya jambo moja jioni hii.

Tafuteni mizani ya visahani viwili, hata ya kutengeneza kwa kijiti na vifuniko viwili. Kwenye kisahani kimoja wekeni kitu chenye uzito wa tola moja. Mchimbaji aliye karibu atawaonyesha. Kwenye kingine wekeni punje za mahindi, moja moja, mpaka viwe sawa. Acheni mtoto mdogo kuliko wote ahesabu. Punje za mahindi ni nzito kuliko zile za shayiri, kwa hiyo hamtafika 180. Mtaona ni kiganja kidogo tu.

Kisha baba ajibu mbele ya watoto maswali haya matatu. Katika nyumba yetu, viganja vya namna hiyo vinahitajiwa vingapi kwa siku moja? Mwezi uliopita, kazi yangu ilileta vingapi? Na vilivyobaki vilienda wapi?

Mama naye aseme kama vijana wa nyumba wanajua bado kushika jembe, na kama kuna kipande cha udongo, hata nyuma ya choo, ambacho kinaweza kupokea mbegu kabla ya mvua za mwezi wa tisa.

Wewe kijana ambaye bado hujaoa na uko shimoni, hesabu ni yako pia. Kabla ya kununua simu ya pili, tuma nafaka kwa mama yako.

Mungu wa mavuno awabariki, na mizani zenu ziwe sawa.